Fundo la Mchaichai

Harufu ilinikuta nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nimelipa kisogo kaburi la mume wangu, mzee wangu. Nalipa kisogo makusudi, maana nikilitazama naanza kuongea nalo, na nikianza kuongea nalo majirani wanampigia simu mwanangu Arusha kwamba mama yako sasa basi.

Jikoni alikuwa mjukuu wangu Hepi. Hepi anapika kwenye loji moja iliyo njia ya kupandia getini, ile njia ambayo magari ya watalii huipanda asubuhi yakikimbilia kreta ya Ngorongoro. Aliomba ruhusa kazini akaja kwangu, kwa sababu walimwambia bibi yake hali chakula. Na ni kweli nilikuwa sili. Lakini watu walisema kama vile mimi ndiye niliyegoma, kumbe chakula ndicho kilichonigomea. Uji nikiupeleka mdomoni unakuwa udongo. Maziwa yanapita kooni kama maji ya kuoshea vyombo. Tangu tumzike mzee, ilikuwa hivyo.

Hepi alipofika alitua mfuko wake, akasema, "Bibi, leo uji hakuna. Leo nakupikia kari ya samaki ya Kithai."

"Kithai ndiyo nini?"

"Ya Thailand, Bibi. Nchi iko mbali huko, unaipita India kwanza. Wageni wetu wanaipenda hiyo mpaka wanalamba bakuli."

"Wageni wanalamba kila kitu. Kuna mmoja alikuja hapa kwa babu yako akalamba asali pamoja na nyuki wake."

Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilifurahi kuona amecheka.

Akaomba kinu changu kidogo, kile cha kutwangia kitunguu saumu. Akatwanga pilipili mbichi, tangawizi, saumu, vitunguu vidogo, mashina ya giligilani, na ganda la ndimu alilolikwangua lile la kijani peke yake. Kule loji, alisema, wanatia na maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi. Nikamwambia jambo hilo asilifanye nyumbani kwangu. "Ndiyo maana nimekuja na dagaa," akasema, "nitawatwanga humo humo." Nazi alikwisha kuzikuna na kuzikamua, tui zito bakuli lake, tui jepesi bakuli lake. Lile zito akalitia sufuriani pamoja na vile vilivyotwangwa, akakoroga mpaka mafuta yakajitenga yakaelea juu, rangi ya majani mabichi. Ndipo akamimina lile jepesi, akaweka kipande cha sukari guru, halafu vipande vya sato, na baada ya hapo hakutia mwiko tena. Alishika sufuria kwa masikio akaitikisa tu, samaki asivunjike.

Nilikuwa namwona kupitia mlangoni. Akachukua mashina marefu ya mchaichai, akayapiga kwa mgongo wa kisu mpaka yakalegea, akayakunja pamoja, akayafunga fundo, akalitumbukiza.

Ndipo ile harufu ikatoka. Nazi, samaki, mchaichai. Nikasikia moyo umeshuka kama ndoo kisimani.

"Nani kakufundisha kufunga fundo hilo?"

"Hakuna, Bibi. Mpishi wetu mkuu yeye anakata vipande. Mimi nafunga ili niweze kulitoa."

Hakuna aliyemfundisha, nami nilikwisha kuliona fundo lile kabla mama yake hajazaliwa.

Sasa haya ninayoyasimulia, wenzangu wa rika langu mtayaelewa upesi kuliko hawa watoto. Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, shule sijaanza. Shule yenyewe nilikuja kuisoma madarasa matatu, la nne nikaishia mlangoni, lakini hayo ni mengine. Kwetu kulikuwa juu, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu wa Ngorongoro unashuka asubuhi unalala juu ya paa kama ng'ombe aliyechoka. Karatu mjini kulikuwa chini, maduka machache yamejipanga barabarani, vumbi jekundu, na siku ya mnada watu kama siafu.

Mdogo wangu alikufa kwa kifua. Alikuwa bado ananyonya. Ilikuwa majira ya baridi, alikohoa, akanyamaza, mama akadhani amelala. Padre alikuja akambariki, akaondoka na pikipiki yake. Lakini padre hakai mlimani, wanaokaa mlimani ni wazee, na wazee walikuja wakalaza tawi la mti kukatiza njia ya kuingilia kwetu.

Siku hizi vijana wa Kiiraqw wengi hawalijui jambo hilo, na wanaolijua wanalionea aibu. Nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya ilitengwa. Tuliita metimani. Mama wa nyumba hiyo haingii kwa mtu, na mtu haingii kwake. Hagusi chombo cha wengine, hali nao sahani moja. Ng'ombe wa nyumba hiyo hawachanganyiki na ng'ombe wa jirani, hawanywi chemchemi moja. Hakuna aliyemchukia mwenye nyumba. Waliogopa kile kilichoingia mle, kwamba mtu akikigusa kitamfuata hadi kwa watoto wake. Na wewe fikiria, wakati ule kila nyumba ilikuwa na kaburi dogo. Mimi siwalaumu.

Baba aliwachukua ng'ombe wetu akawapitisha msituni, akawapeleka Endulen kwa rafiki yake Mmasai, maana kule hawakujali desturi yetu, na majani yalikuwepo. Nilibaki na mama. Sisi tulimwita Ayo, ndivyo Wairaqw tunavyomwita mama.

Hayo yote nimeyaeleza kwa akili ya leo. Wakati ule sikuelezwa. Mtoto alikuwa haelezwi, anaambiwa tu fanya hivi, usifanye vile. Ayo aliniambia, "Usiwasogelee watoto wa watu." Basi. Yaliyobaki nikajitafutia mwenyewe kwa macho.

Na macho yangu yaliona nini? Yaliona watu waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yetu sasa wanapita njia ya bondeni. Yaliona wachungaji wakiwapiga ng'ombe wao waende mbali wakifika karibu na boma letu, na ng'ombe wenyewe wakinyanyua pua. Jirani yetu Mama Safari, aliyekuwa shoga wa Ayo, alikuwa anatuletea maziwa kila asubuhi, lakini anakiweka kibuyu pale kwenye tawi, anamwita Ayo kwa jina langu, "Ee Mama Paska, maziwa!" halafu anarudi nyuma hatua kadhaa ndipo anaongea. Na kile kibuyu hakitaki tena. Kesho anakuja na kingine. Vibuyu vikajaa kwetu ukutani, vya Mama Safari vyote.

Nikajiuliza, mtu gani anaacha kibuyu chake kizuri kwa watu? Mtoto wa mfugaji anajua jibu. Kibuyu kinaachwa kikishika harufu.

Basi nikajua. Tunanuka.

Nilijinusa kwapa. Nilinusa ngozi niliyolalia. Nilinusa ukuta. Mwisho nikamnusa Ayo akiwa amesinzia, na hapo nikapata. Maziwa yake yalikuwa hayajui kwamba mtoto amekufa. Yalitoka tu, yakachuruzika kifuani, yakalowesha shuka, yakakauka, yakachacha. Ilikuwa harufu kali ya maziwa yaliyomkosa mnywaji. Nikasema moyoni, ndiyo hii, ndiyo hii inayowakimbiza watu.

Wakati huo huo Ayo alikuwa hali. Ananipikia mimi ugali, anasogeza kigoda, ananitazama nikila. Nikimwambia, "Ayo, na wewe," anasema, "Nimeonja nikipika." Hakuonja. Nilikuwa najua sufuria ilikuwa na nini na imebaki na nini. Shingo yake ikawa na mashimo mawili, mtu angeweza kutia maji ya kunywa ndege. Niliona mdogo wangu alivyonyamaza, kwa hiyo nilijua kunyamaza kunaanzaje. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fisi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana nimemruka mtu. Kabla ya msiba, mimi na Ayo tulikuwa tunapeleka maziwa mjini kwenye duka moja la Waislamu. Mwenye duka alikuwa mtu wa kununa. Mkewe aliitwa Bi Zaituni, mtu wa pwani, mnene, mwenye sauti, aliyekuwa akilalamikia baridi ya Karatu hata jua linapowaka. Nazi zake zilipanda na malori. Na samaki alinunua kwa watu waliotoka Mang'ola, kule chini ziwani. Sisi wa mlimani samaki tulikuwa hatuli. Watoto tulikuwa tunaambiana kwamba ni nyoka aliyenenepa. Nilikuwa nasimama mbali namwona Bi Zaituni akiwapara magamba uani, na akimaliza anavunja majani kwenye kichaka kilichoota pembeni ya karo, anayafikicha, anajisugua mikono mpaka kwenye viwiko.

Siku moja alininyooshea mikono. "Huu mchaichai unaondoa shombo, mwanangu. Hebu nusa."

Nilinusa. Yule nyoka alikuwa ametoka kabisa.

Mmeshaona ninakokwenda.

Asubuhi moja Ayo akiwa amelala, niliruka nyuma ya boma, nikashuka kupitia mashamba ya mahindi ili nisionekane, mpaka uani kwa Bi Zaituni. Nikasimama nje ya ua wa matete. Sikuingia.

"Wewe si binti wa yule mama wa maziwa?" akauliza. "Mbona mmetususa?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea basi, nisipige kelele."

"Siwezi kusogea. Tunanuka."

Akaweka kisu chini. "Nani kakwambia mnanuka?"

"Hakuna. Watu wanatukwepa. Hata ng'ombe wao."

"Na mdogo wako yule wa mgongoni hajambo?"

"Alikufa."

Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Na mama?"

"Hali. Ananuka maziwa. Nimekuja kuomba yale majani ya kuondoa shombo."

Mpaka leo naukumbuka uso wake. Hakusema maskini, hakusema pole, hakunishika. Alikwenda kwenye kile kichaka, akakata majani kwa fungu, halafu akachukua jembe akang'oa na shina lenye mizizi, akalifunga kwenye gunia lililolowa. "Haya majani mwogeshe nayo. Hili shina panda mlangoni. Litakuwa lenu."

Nilimwogesha Ayo. Aliniacha tu, kama mtoto. Sikumwambia ni ya nini, naye hakuuliza. Shina nikalipanda. Harufu ya maziwa ilipungua kidogo, lakini kesho yake watu walipita bondeni vilevile, na Ayo hakula vilevile.

Kesho kutwa yake, jua likiwa juu, nikamwona Bi Zaituni anapanda mlima. Amejitwika sufuria iliyofungwa kwenye kanga, sinia kwapani, anahema kama punda. Mama Safari alikuwa pale kwenye tawi anaweka kibuyu.

"Bi Zaituni! Ishia hapo hapo. Huko hakuendeki."

"Kwa nini hakuendeki? Naona njia."

"Kuna tawi."

"Nimeliona. Ni dogo."

"Dada, sikiliza," Mama Safari akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya kusihi. "Mimi ni shoga yake na siendi. Nina watoto. Ukipita hapo hutarudi kwetu kama ulivyokuja."

Bi Zaituni akahamisha sufuria kichwani ikae vizuri. "Mimi sijawahi kurudi mahali popote kama nilivyokwenda," akasema. Akanyanyua kanga yake kidogo, akavuka.

Mama Safari akafunika mdomo kwa mkono. Mimi nikakimbilia ndani.

Ayo alipomwona mlangoni aliruka kutoka kitandani, nguvu alizitoa wapi sijui. "Toka! Toka, dada, utaharibikiwa! Usiguse kitu!"

Bi Zaituni alikuwa amekwisha kukaa chini. Akafungua kanga, akafungua sufuria, na nyumba yetu, iliyokuwa na harufu ya moshi na ngozi na msiba, ikajaa nazi. Akapakua wali kwenye sinia, akamwaga mchuzi juu, na vipande vya samaki. Akaweka sinia katikati. Sikutegemea alichofanya baada ya hapo. Hakumwambia Ayo kula. Watu wote tangu msiba walikuwa wanapiga kelele kutoka kule kwenye tawi, kula Mama Paska, jitahidi ule, una mtoto mwingine. Yeye hakusema. Alisema bismillahi, akatia mkono, akaanza kula mwenyewe.

Akala tonge. Akala la pili. Ayo amesimama, amejikunja ukutani kati ya vibuyu.

"Kwetu pwani," Bi Zaituni akasema huku anatafuta mwiba kwa vidole, "mgeni hali peke yake. Ni aibu kwa mwenye nyumba. Sijui kwenu huku."

Ayo akasema kwa sauti ndogo, "Hata kwetu."

"Basi unaniaibisha au unajiaibisha?"

"Siruhusiwi kula na mtu sahani moja."

"Ugali?"

"Ugali. Maziwa. Nyama. Pombe."

"Na samaki wa nazi?"

Ayo akalitazama sinia. Alikuwa hajawahi kula samaki maisha yake, wala mama yake hakuwahi. "Hiki," akasema, "mwiko wake siujui."

"Basi hakina."

Ayo akashuka taratibu na mgongo ukutani mpaka akakaa. Mkono wake ulitoka kwenye shuka ukaenda kwenye sinia ukasimama. Bi Zaituni hakumtazama. Alichovya vidole kwenye mchuzi, akatoa fundo la mchaichai lililolegea, akaliweka ukingoni mwa sinia. "Hili haliliwi," akasema. "Hili ni la kuondoa shombo. Binti yako ndiye aliyeliagiza."

Ayo akageuka kwangu. "Shombo gani, Paska?"

"La kwetu," nikasema. "Linalowakimbiza watu."

Nilidhani atanipiga. Alinitazama, akatazama shuka lake kifuani, akatazama vibuyu ukutani, na naona ndipo alipojua mtoto wake ameishi na wazo gani siku zote zile. Akalia. Alikuwa hajalia tangu tuzike. Alilia mdomo wazi, na huku analia mkono wake ukatia wali mdomoni, akatafuna, akalia, akatafuna, na mchuzi ukamchuruzika kidevuni. Bi Zaituni akawa anamtolea miba, anamsogezea minofu upande wake, kama unavyomsogezea mtoto. Nami nikala. Nazi niliipenda. Huyo nyoka nilimmeza nimefumba macho.

Alirudi tena, na tena. Ayo akaanza kupika mwenyewe ugali na kuula. Yale mashimo ya shingoni yakaanza kufukiwa.

Lakini Mama Safari alikuwa amesema kweli. Nilipokuwa nateremka kwa kujificha kwenda kwa Bi Zaituni, niliona dukani hakuna watu wa mlimani. Madereva walinunua, na watu wa kupita. Watu wetu walivuka barabara wakanunua chumvi duka lingine, hata siku ya mnada. Nilimsikia mumewe anagomba ndani, "Umeniletea mkosi wa mlimani dukani kwangu!" naye anajibu, "Mkosi umeuona wapi? Mimi nimepeleka mchuzi."

Mimi tena nikaelewa kwa akili yangu. Lile shombo letu limehamia kwake.

Nikarudi mbio nyumbani, nikakata majani kwenye shina letu pale mlangoni, lilikuwa limeshika na kuchipua, nikashuka nayo. Safari hii niliingia uani. Nikamwekea mbele yake.

"Ya nini haya?"

"Uoge. Samahani. Ni ya kwetu hiyo harufu, imekupata."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha ikaonekana kama hacheki. Akachukua majani yale, akayafikicha, akajisugua viganja, akapanda mpaka viwiko, polepole, kana kwamba ni kazi kweli. Akaninyooshea mikono. "Nusa."

Nikanusa. "Imetoka."

"Haya. Kamwambie mama yako imetoka."

Nilimwambia. Ayo alikuwa anapepeta mahindi, akasimamisha ungo. Akaniuliza habari yote, wateja, mume, mnada, mpaka nikamaliza. Akaendelea kupepeta.

Baba alirudi na ng'ombe kutoka Endulen majani yalipochoka. Wazee wakakaa, wakasema muda umetosha. Wakamnyoa Ayo nywele, wakamwogesha, wakamvisha shuka jipya. Tawi likaondolewa. Sasa desturi ilikuwa hivi: mama aliyetolewa metimani anakwenda kula kwa jirani, na nyumba atakayokula kwanza inahesabiwa safi, na yeye anahesabiwa safi, hakuna anayeweza kusema tena. Ni heshima kubwa kwa nyumba hiyo. Mama Safari alikuwa ameshasaga unga tangu jana yake. Alikuwa amesimama mlangoni kwake amevaa vizuri, anasubiri.

Ayo akabeba vibuyu vyote, amevifukiza na kuvisugua mpaka vinang'aa, akampelekea. Vingine nilibeba mimi. Wakashikana mikono, wakalia kidogo. Mama Safari akasema, "Ingia, ugali uko tayari."

Ayo akasema, "Nakuja, dada. Naanzia chini."

"Chini wapi?"

Ayo akanishika mkono tukashuka. Ilikuwa siku ya mnada. Nilisikia nyuma yetu watu wanaulizana, na nyayo zinafuata. Tukapita katikati ya ng'ombe na wauza shuka, kichwa cha Ayo kimenyolewa kinawaka juani, kila mtu anajua maana yake. Akapanda barazani kwa Bi Zaituni, akakaa chini, mahali ambapo barabara nzima inaona.

Bi Zaituni akatoka na mizani mkononi.

"Nina njaa," Ayo akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Kuna samaki?"

Ilikuwepo mboga ya samaki ya mchana, ya watoto wake. Ikaletwa kwenye sinia lile lile. Wakakaa wawili, wakala kutoka upande mmoja. Mnada ukapoa. Mzee mmoja akatema mate pembeni, si kwa ubaya, kwa kubariki, ndivyo wazee wetu wanavyobariki. Nilimwona Mama Safari amesimama kwenye vumbi, na unga wake ameuacha nyumbani, uso umekunjamana kama mtu aliyepigwa. Nikaogopa. Akatembea mpaka barazani.

"Mmeamua kuwamaliza samaki," akasema, "au kuna wangu?"

Bi Zaituni akasogea. Mama Safari akakaa, akatia mkono, akafumba macho kama mtu anayekunywa dawa. Akatafuna muda mrefu.

"Kumbe huyu nyoka ni mtamu," akasema.

Watu wakacheka barabara nzima. Hata yule mwenye duka alicheka, ndiyo mara pekee niliyomwona meno. Na kabla jua halijazama kulikuwa na watu wa mlimani wanagombania chumvi mlangoni kwake.

Mimi nilidhani tulikwenda kuondoa harufu ya duka. Maana yake Ayo alinieleza nilipokuwa mama mwenyewe, nimeshazika na mimi mmoja. Aliniambia na jambo jingine: kwamba ile siku ya kwanza, mimi nilipotoka nje, Bi Zaituni alitoa kikofia cha mtoto mchanga kifuani, akamwonyesha, akakirudisha. Wote wawili sasa ni udongo, Mungu awalaze pema. Kile kichaka kipo. Nilipoolewa nilikuja na shina lake, na ndilo hili Hepi alilolikata leo bila kujua.

Sasa turudi kwenye kigoda changu.

Msiba wa mzee wangu haukuwa na tawi. Siku hizi matawi hakuna. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika, wali wa watu wote, wapiga picha. Walikuja mpaka wengine sikuwajua. Kisha viti vikapakiwa kwenye gari, turubai likakunjwa, na njia ikawa tupu vilevile. Ujumbe unaingia kwenye simu: pole Bibi, jitahidi ule.

Hepi akaja na bakuli na kijiko. Akasimama mbele yangu. "Bibi, vijiko vichache tu. Kwa ajili yangu."

Nilimtazama. Huyu alilelewa na babu yake, yule mzee ndiye aliyemfundisha kutembea akimshikisha mkia wa ndama. Siku za msiba yeye ndiye aliyepika, akaosha, akahesabu sahani, na hakuna mtu aliyemuuliza. Nikaona shingo yake. Ilikuwa na mashimo mawili.

"Wewe umekula lini?" nikamuuliza.

"Nilionja nikipika, Bibi."

Nikamsikia Ayo.

"Rudisha bakuli," nikasema. "Leta sinia lile kubwa. Kaa hapa chini."

"Bibi, ni kwa ajili yako..."

"Nimesema kaa. Kula wewe kwanza."

Akakaa kwenye majani. Akamwaga wali, akamwaga mchuzi, ule wa kijani wa Kithai, ukasambaa mpaka ukingoni. Alinitazama, akatia mkono. Tonge la kwanza alilimeza kama mtu anayetimiza amri. La pili, machozi yakaja, akaendelea kula, anafuta pua kwa mgongo wa mkono kama alipokuwa mdogo.

"Chumvi imekolea?" nikamuuliza.

"Onja mwenyewe."

Nikashuka kutoka kwenye kigoda, magoti yakilia, nikakaa karibu naye, nikatia mkono. Pilipili yake ni kali kuliko ya Bi Zaituni. Nikatafuta kwa vidole ndani ya mchuzi mpaka nikalipata lile fundo, limelegea, nikalitoa, nikaliweka ukingoni mwa sinia.